Jinsi ya Kusoma na Kuigiza Chuki ya Kidini katika "Mabepari wa Venisi": Mwongozo Kamili

Tamthilia ya William Shakespeare kuhusu mfanyabiashara Antonio na mkopeshaji Shylock imekuwa mikononi mwa wasomaji wa Kiswahili tangu mwaka 1969, Julius Nyerere alipochapisha tafsiri yake, Mabepari wa Venisi. Kwa kuwa tafsiri hiyo ilitoka miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, ni rahisi kuisoma kama kisa cha mali, riba na unyonyaji, na usomaji huo una msingi wake. Hata hivyo, wahusika wake hawagombani kwa ajili ya fedha peke yake. Wanagombana wakiwa Wakristo na Myahudi, wanatukanana kwa majina ya dini, na mwishoni mmoja wao analazimishwa na mahakama kuiacha imani ya baba zake. Mwalimu anayelipita jambo hilo haraka huwaacha wanafunzi na moja kati ya makosa mawili: ama wataamini kwamba Wayahudi ndivyo walivyo, ama wataamini kwamba Shakespeare alikuwa mtetezi wao na hivyo hakuna cha kuhofia katika maandishi yake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa fasihi, viongozi wa vikundi vya maigizo na wasomaji wanaotaka kuishughulikia tamthilia hii kwa uangalifu. Msimamo wangu ni kwamba chuki iliyomo haipatikani katika hotuba moja wala haimkai mhusika mmoja. Imo katika mfuatano wa matendo unaoanza na mate na kuishia kwenye ubatizo, na hakuna anayeweza kuielewa bila kuufuatilia mfuatano huo wote.

Hatua ya kwanza: Isomeni yote kabla ya kuchagua vipande

Madarasa mengi hukutana na vipande viwili tu: maneno ya Shylock kuhusu macho ya Myahudi, na maneno ya Portia, mwanamke tajiri wa Belmont, kuhusu rehema. Vipande hivyo vikisomwa peke yake vinageuka kuwa mahubiri mawili mazuri, ilhali ndani ya tamthilia kila kimoja kinatumikia lengo kali. Hakikisha kila mshiriki ameisoma kazi nzima walau mara moja, hata kama ataisoma haraka, kisha rudini kwa utulivu kwenye maonyesho manne: la mkataba katika tendo la kwanza, la mtaani mwanzoni mwa tendo la tatu, la mahakama katika tendo la nne, na usiku wa Belmont katika tendo la tano.

Hatua ya pili: Jengeni historia kabla ya hukumu

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi, kwa sababu msomaji asiyeijua historia atadhani kwamba Shakespeare alikuwa akieleza majirani zake. Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi wote Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa tena kuishi huko waziwazi hadi enzi za Oliver Cromwell, mwaka 1656. Tamthilia iliandikwa yapata mwaka 1596 au 1597 na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1600. Kwa hiyo watazamaji wa London walikuwa wametengana na jamii ya Wayahudi kwa miaka mia tatu hivi, isipokuwa watu wachache wenye asili ya Kireno na Kihispania walioishi mjini humo kwa sura ya Ukristo. Walichokijua kuhusu Wayahudi kilitoka kwenye mimbari, kwenye hadithi na kwenye jukwaa.

Hadithi hizo zilikuwa za kutisha. Baada ya mvulana aitwaye William kukutwa ameuawa karibu na mji wa Norwich mwaka 1144, Wayahudi wa hapo walisingiziwa kwamba walimuua kwa sababu za kidini, na tuhuma ya aina hiyo, isiyo na ushahidi wowote, ikasambaa Ulaya kwa karne nyingi na kuwagharimu watu wengi maisha yao. Myahudi anayeshika kisu mbele ya kifua cha Mkristo hakuwa picha mpya kwa watazamaji wa Shakespeare. Aliwakuta wakiwa tayari wamefundishwa kumwogopa.

Kisha wakumbushe wanafunzi kisa cha Roderigo Lopez, daktari wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Lopez alizaliwa Ureno katika familia ya Wayahudi waliobatizwa, naye mwenyewe aliishi kama Mkristo. Alishtakiwa kwa kula njama ya kumwekea malkia sumu na akauawa hadharani mwezi Juni mwaka 1594. Inasimuliwa kwamba aliposema mbele ya umati kuwa anampenda malkia kama anavyompenda Yesu Kristo, watu walimcheka, kwa kuwa machoni pao ubatizo haukuwa umemwondolea Uyahudi wake. Kisa hiki kina uzito mkubwa kwa tamthilia yetu, ambamo ubatizo unatolewa kama huruma.

Kuhusu riba, eleza mambo kwa utaratibu. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, wa Laterani wa mwaka 1179 uliweka adhabu ya kutengwa na Kanisa kwa Wakristo waliokopesha kwa riba waziwazi. Wakati huohuo, katika miji mingi ya Ulaya Wayahudi walizuiwa kumiliki ardhi na kuingia katika vyama vya mafundi, hivyo ukopeshaji ukabaki kuwa mojawapo ya kazi chache walizoachiwa, kisha wakachukiwa kwa kuifanya. Huko Uingereza kwenyewe, sheria ya mwaka 1571 ilivumilia riba isiyozidi asilimia 10, na wakopeshaji walikuwa Wakristo. John Shakespeare, baba wa mwandishi, alishtakiwa kwa kosa la riba mwaka 1570. Watazamaji waliomzomea Shylock walikuwa wakidaiwa na Wakristo wenzao.

Jambo hili linahitaji uangalifu wa pekee katika madarasa yetu. Wanafunzi Waislamu wanajua kwamba Kurani inaikataza riba, na wanafunzi Wakristo wamesikia makatazo kama hayo katika Torati. Wote wanaweza kukimbilia upande wa Antonio kabla hawajauliza ni nani aliyemfungia Shylock milango mingine ya riziki.

Venisi ya kweli, mwaka 1516, iliwatenga Wayahudi katika mtaa wao uitwao Ghetto, ambao malango yake yalifungwa usiku na kulindwa na walinzi Wakristo waliolipwa na Wayahudi wenyewe. Nje ya mtaa huo walitakiwa kuvaa kofia ya rangi maalumu. Tamthilia haiutaji mtaa huo hata mara moja.

Hatua ya tatu: Fungueni daftari la majina na matusi

Mwambie kila mshiriki achore jedwali lenye safu nne: nani anasema, anamwambia nani, Shylock yupo au hayupo, na je, anatajwa kwa jina lake au kwa dini yake. Kazi hii huchosha mwanzoni, lakini hakuna njia nyingine ninayoiamini zaidi ya hii, kwa kuwa inawatoa wanafunzi kwenye hisia na kuwapeleka kwenye ushahidi. Katika onyesho la mahakama, kwa mfano, wataona kwamba Shylock huitwa "Myahudi" tena na tena, na kwamba jina lake hutokea mara chache, hasa pale wenye mamlaka wanapotaka kumlainisha.

Onyesho la mkataba lina mambo manne ambayo hayafai kukosekana katika daftari hilo. Kwanza, Shylock mwenyewe, akisema pembeni ili wengine wasimsikie, anatamka kwamba anamchukia Antonio kwa kuwa ni Mkristo, na zaidi kwa kuwa anakopesha bila riba na hivyo kushusha faida ya wengine. Usilifiche jambo hili. Pili, Shylock anamkumbusha Antonio kwamba amemtemea mate kwenye joho lake, amempiga teke na kumwita mbwa, na sasa anakuja kuomba dukati 3,000, yaani sarafu za dhahabu, kwa ajili ya rafiki yake Bassanio. Tatu, Antonio hakanushi wala haoni haya. Anajibu kwamba huenda akamwita hivyo tena na kumtemea tena. Nne, Shylock anapokubali kukopesha bila riba, kwa dhamana ya ratili moja ya nyama ya mwili, Antonio anasema kwa furaha kwamba Mwebrania huyu atageuka Mkristo, kwa maana amekuwa mwema. Simameni hapo. Kwa Antonio, wema ukionekana kwa Myahudi ni dalili kwamba ameanza kuacha kuwa Myahudi, na wazo hilo linalotamkwa kirahisi katika tendo la kwanza ndilo litakalokuwa hukumu katika tendo la nne.

Wanafunzi waangalie pia maneno yanayosemwa Shylock asipokuwepo. Binti yake Jessica anapotoroka na mali yake, kilio maarufu cha "binti yangu, dukati zangu" hatukisikii kutoka kinywani mwake. Tunasimuliwa na Solanio, rafiki wa Antonio, anayekiigiza ili kumchekesha mwenzake. Mwongozaji anayempa Shylock maneno hayo jukwaani amewaamini wadhihaki na kuugeuza umbeya wao kuwa ushahidi.

Daftari lipokee pia chuki nyingine. Mwanamfalme wa Moroko anapokuja kumposa Portia, anaanza kwa kumwomba asimkatae kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Anaposhindwa jaribio la kuchagua kati ya makasha matatu, linaloamua ni nani atakayemwoa Portia, na kuondoka, Portia anatamani kila mwenye rangi kama hiyo achague vivyo hivyo. Kinywa hicho ndicho kitakachohubiri rehema mahakamani.

Hatua ya nne: Hotuba ya macho isomwe hadi neno lake la mwisho

Katika tendo la tatu Shylock anauliza kama Myahudi hana macho, mikono, hisia na mapenzi, na kama akichomwa hatoki damu. Ni miongoni mwa maneno yenye nguvu zaidi yaliyowahi kuandikwa kuhusu usawa wa wanadamu. Lakini hotuba haikomi hapo. Inaendelea kuuliza: tukidhulumiwa, tusilipize? Na inamalizika kwa ahadi kwamba uovu aliofundishwa na Wakristo atautenda, tena kwa kuzidisha. Shylock anatumia ubinadamu wa pamoja kuhalalisha kisasi cha pamoja.

Mgawanye darasa katika makundi mawili. Kundi la kwanza liisome hotuba hadi kwenye damu tu, na kundi la pili liisome yote, kisha kila kundi lieleze kile ambacho msemaji anakitaka. Tofauti kati ya majibu hayo itafundisha zaidi ya mhadhara wowote. Wakumbusheni pia kwamba hotuba hii inatoka kwa baba ambaye binti yake ametoroka, na kwamba muda mfupi baadaye atasikia kuwa pete aliyopewa na Leah, anayedhaniwa kuwa ndiye aliyekuja kuwa mkewe, kabla hajaoa, imebadilishwa kwa nyani.

Hatua ya tano: Mahakama, neno kwa neno

Onyesho hili ligawanywe sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni ile ambamo Shylock ana nguvu, kwa kuwa Antonio ameshindwa kulipa deni kwa wakati. Anaombwa huruma naye anajibu kwa hoja ambayo hakuna anayeijibu: nyinyi mna watumwa mliowanunua, mnawatumia kama punda na mbwa wenu, nikiwaambia muwaache huru, mtasema watumwa ni mali yenu, nami nasema ratili hii ya nyama ni mali yangu. Wasomaji wa pwani yetu, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, wana sababu zao za kukaa na maneno hayo muda mrefu.

Sehemu ya pili ni hotuba ya Portia, aliyekuja mahakamani akijifanya mwanasheria mwanamume, kuhusu rehema inayoshuka kama mvua kutoka mbinguni. Kwa karne nyingi imesomwa kama ushindi wa Injili juu ya Torati: Mkristo ni mtu wa rehema, Myahudi ni mtu wa sheria. Huu ni mtazamo wa uongo, na mwalimu ana wajibu wa kuusahihisha kwa maandiko yenyewe. Nabii Mika, katika sura ya 6, anasema kwamba Mungu anataka mtu atende haki na kupenda rehema, na Hosea, katika sura ya 6, anaiweka rehema juu ya sadaka. Hata picha ya mvua imehusishwa na wimbo wa Musa katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 32. Portia anamhubiria Myahudi kwa mali ya Wayahudi, naye anadhani anamletea kitu kigeni.

Sehemu ya tatu huanza pale Portia anaposema kwamba mkataba haukutaja tone la damu. Watazamaji hushangilia, na wengi huacha kusikiliza. Msiache. Shylock anapotaka kuondoka, anaambiwa kwamba sheria ina kamba nyingine: mgeni akithibitika kutaka kumuua raia, nusu ya mali yake ni ya yule aliyekusudiwa kuuawa, nusu ni ya dola, na uhai wake uko mikononi mwa mtawala. Neno "mgeni" ndilo linalomhukumu. Kisha Antonio anaombwa aonyeshe rehema. Anaomba dola iridhike na kumwachia Shylock nusu moja, yeye mwenyewe aishike nusu ya pili kwa ajili ya Lorenzo, mume wa Jessica, na Shylock aandike urithi wake wote kwa hao wawili. Tena anaongeza sharti kwamba Shylock awe Mkristo. Mtawala anatishia kuufuta msamaha wake endapo Shylock atakataa. Shylock anasema ameridhika, anaomba ruhusa aende kwa kuwa hajisikii vizuri, na harudi tena jukwaani. Gratiano, rafiki wa Bassanio, anamsindikiza kwa kumwambia kwamba, kama yeye ndiye angekuwa hakimu, angempeleka kwenye kitanzi badala ya kwenye maji ya ubatizo.

Kuna jambo moja ambalo kila mwalimu anapaswa kulijua hapa. Kisa cha ratili ya nyama kimo katika mkusanyiko wa hadithi za Kiitaliano wa Giovanni Fiorentino, uliochapishwa mwaka 1558. Humo Myahudi anashindwa mahakamani, anauchana mkataba kwa hasira, na hadithi inaendelea. Habatizwi. Ubatizo wa lazima ni nyongeza iliyokuja na tamthilia. Kama Shakespeare aliuongeza ili kuwafurahisha watazamaji walioamini kwamba roho ya Myahudi inaokolewa hivyo, au ili kuwaonyesha rehema yao inafananaje, ni swali la kujadiliwa kwa ushahidi wa daftari. Mimi naona kwamba watazamaji wengi wa wakati huo waliuona kuwa hisani, na kwamba maandishi yenyewe, kwa kuweka kejeli ya Gratiano hapohapo, yanatupa sababu ya kutokubaliana nao.

Hatua ya sita: Mfuateni Jessica hadi mwisho

Jessica huachwa mara nyingi kama mpenzi mdogo wa pembeni, na hilo ni kosa. Yeye ndiye Myahudi aliyechagua Ukristo kwa hiari, na kwa hiyo ndiye kipimo cha kama Wakristo wa tamthilia hii wanachukia imani tu au wanachukia asili. Anapofika Belmont, Gratiano anamtaja kama kafiri wa Lorenzo, kisha kama mgeni. Launcelot, aliyekuwa mtumishi wa Shylock, anamtania kwamba Wayahudi wakizidi kubatizwa, bei ya nguruwe itapanda. Katika tendo la tano anasema kwamba muziki mtamu haumfurahishi kamwe, na baada ya hapo hasemi neno tena, ingawa onyesho bado ni refu. Lorenzo anapopokea hati ya mali ya Shylock, anashukuru kwa kusema kwamba wameletewa mana. Chakula ambacho Waisraeli walipewa jangwani kimekuwa jina la mali aliyonyang'anywa Myahudi, na binti yake amesimama hapo akisikia.

Hatua ya saba: Linganisheni na tamthilia mbili nyingine

Christopher Marlowe, mwandishi wa tamthilia wa wakati wa Shakespeare, aliandika The Jew of Malta yapata mwaka 1589 au 1590. Barabas, Myahudi wake, anawapa sumu watawa wa nyumba nzima na kufa ndani ya sufuria la maji ya moto. Ni jitu la uovu kuliko Shylock. Hata hivyo, kisa kinaanza pale gavana Mkristo anapowanyang'anya Wayahudi nusu ya mali zao ili kuwalipa Waturuki kodi, na anayekataa kubatizwa hupoteza yote.

Gotthold Ephraim Lessing wa Ujerumani alichapisha Nathan der Weise mwaka 1779. Nathan, Myahudi wa Yerusalemu wakati wa Vita vya Msalaba, ameuliwa mke na wana saba na Wakristo, lakini yeye anamlea mtoto yatima wa Kikristo. Sultani Saladin anapomuuliza ni dini ipi iliyo ya kweli, anamjibu kwa kisa cha pete tatu zisizoweza kutofautishwa. Wanazi waliipiga marufuku, na ukumbi wa Deutsches Theater mjini Berlin ulifunguliwa nayo tena mwezi Septemba mwaka 1945. Muda ukiwa mfupi, chagueni Lessing kuliko Marlowe, kwa sababu inaonyesha kwamba jukwaa la Ulaya liliweza kumwona Myahudi kwa macho mengine.

Hatua ya nane: Maamuzi ya mwongozaji

Historia ya jukwaa inatoa onyo. Mwigizaji Charles Macklin mwaka 1741 alimwondoa Shylock katika uchekeshaji na kumfanya mkali. Edmund Kean mwaka 1814 na Henry Irving mwaka 1879 walimpa majonzi na heshima. Lakini mwaka 1943, huko Vienna, Werner Krauss alimwigiza Shylock kama kinyago cha kuchukiza kwa ajili ya propaganda ya Wanazi, wakati Wayahudi wa mji huo walikuwa wakipelekwa kuuawa. Maandishi yaleyale yalitumika.

Kwa hiyo, usimvalishe mwigizaji pua ya bandia wala kumpa lafudhi ya kuchekesha. Kofia moja ya rangi tofauti inatosha kuonyesha kwamba mtu huyu ametiwa alama na wengine. Usifute chuki ya Shylock ili awe mtakatifu, wala usifute mate ya Antonio ili awe shujaa. Katika mahakama, waigizaji wa umati waendelee kucheka hadi Shylock atakapotoka mlangoni, hata pale watazamaji watakapokuwa wamenyamaza. Kutoka kwake kuwe kwa kawaida, bila muziki na bila kuanguka. Tendo la tano lisikatwe, na Jessica awekwe mahali anapoonekana wakati wote.

Hatua ya tisa: Mjadala baada ya kusoma au kutazama

Fungua mjadala kwa kutenganisha mambo. Habari za leo za Israeli na Palestina zitaletwa na mshiriki mmoja au mwingine, na si vyema kumnyamazisha. Mweleze tu kwamba Shylock hawakilishi serikali yoyote, kwamba aliandikwa katika nchi iliyokuwa imewafukuza Wayahudi, na kwamba hasira juu ya matendo ya dola haihalalishi tusi juu ya watu wa dini nzima. Mshiriki Mkristo akileta maneno ya Mathayo 27:25, "Damu yake na iwe juu yetu, na juu ya watoto wetu," mwonyeshe kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965, ulikataa kuwalaumu Wayahudi wote kwa kifo cha Yesu.

Baada ya hapo, rudini kwenye daftari na mshughulikie maswali matatu kwa mpangilio huu: ni nani alianza, ni nani alikuwa na sheria upande wake, na je, adhabu ya mwisho ilijibu kosa la Shylock au ilijibu dini yake? Kila jibu litaje tendo, onyesho na msemaji, na jibu lisilo na ushahidi huo lirudishwe kwa mwenyewe akalitafutie. Insha ya mwisho iandikwe siku nyingine, si jioni ya onyesho, na kila mwandishi atakiwe kueleza kwa haki kamili hoja ya mhusika ambaye hakumpenda kabla ya kutoa hukumu yake.